Bhajia za Nairobi, Muhogo wa Wembley

Baadhi ya mikahawa ya Kihindi yenye sifa kubwa London chimbuko lake ni Nairobi. Brilliant, ulioko Southall, ulifunguliwa mwaka 1975 na ndugu wa ukoo wa Anand, ambao baba yao aliwahi kuendesha biashara Nairobi kwa jina hilohilo. Mwaka uliofuata, familia nyingine kutoka Kenya ikafungua Maru's Bhajia House huko Wembley.

Bhajia za Maru si zile za vitunguu walizozizoea Waingereza. Ni za viazi. Kiazi kibichi hukatwa vipande vyembamba, hupakwa unga wa dengu uliotiwa dania, pilipili mbichi na manjano, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta mengi ya moto. Unga ukiwa mzito mno, kiazi hakiivi ndani. Ukiwa mwepesi, haukishiki. Mkazi yeyote wa Nairobi anazijua.

Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, wachache wakabaki. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa wamewatangulia zamani, Unguja na Mombasa, na majiko yao yalikwisha kuzoea nazi na muhogo. Kuku paka, anayebanikwa kwanza kwenye makaa ndipo aingizwe katika tui zito lenye viungo, ni pishi la Waasia wa pwani hii. Kumwita wa Kihindi tu ni kuipunja pwani iliyomlea.

Sheria za Kenya za 1967 ziliwabana Waasia wasio raia katika kazi na biashara, na maelfu wakahamia Uingereza. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza, mali yao karibu yote wakiwa wameiacha nyuma. Halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko.

Walikwenda. Barabara ya Belgrave jijini humo ikajaa maduka yao ya vitambaa, dhahabu na vyakula. Na kule Wembley, orodha za vyakula zina mogo: muhogo uliochemshwa, ukakaangwa, ukakolezwa pilipili, kitunguu saumu na ndimu, unaoagizwa na vijana ambao hawajawahi kufika Mombasa wala Kampala.