Kabla hujanunua kiwanja, uliza historia ya mtaa

Rika langu limefika umri wa kuoa na kuolewa. Zamani tukikutana mjadala ulikuwa Simba na Yanga, siku hizi ni viwanja. Nani kapata Bunju, nani kalipia nusu Chanika, nani anasubiri bonasi akachukue Kibada. Dalali naye anajua kazi yake. Atakwambia "panakua haraka", "umeme uko jirani", "barabara inakuja". Ukimuuliza kama mtoto wa darasa la kwanza anaweza kutembea mwenyewe hadi shuleni, anaanza kuangalia simu yake.

Swali la kwamba mtaa fulani wa nje ya mji unafaa kulea familia au haufai linajibiwa kwa kutazama kilichopo leo: nyumba nzuri, majirani wenye magari, upepo mwanana. Mimi nasema tutazame nyuma. Kwa Dar es Salaam, jambo linaloamua zaidi ni kile kilichowekwa ardhini kabla ya nyumba ya kwanza kusimama. Makala ya leo ni ndefu kidogo, vumilieni.

Tuanze na wakoloni. Wajerumani waliifanya Dar makao makuu yao mwaka 1891, na kabla hawajaondoka walikuwa wameshatunga kanuni za ujenzi zilizogawa mji katika kanda tatu. Waingereza wakaja wakaendeleza mtindo ule ule. Ndipo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na katikati uwanja wa Mnazi Mmoja ukitenganisha. Oyster Bay ilipoanza kujengwa miaka ya 1930, ilipimwa kwa kufikiria baba, mama na watoto: viwanja vikubwa, bustani, upepo wa bahari.

Mwafrika hakufikiriwa hivyo. Kwa serikali ya wakati ule yeye alikuwa kibarua wa kupita tu. Mshahara wake ulipigwa hesabu ya tumbo moja, na mke na watoto walitarajiwa kubaki kijijini wakilima. Nyumba za Kariakoo za vyumba sita, korido katikati na uani kwa nyuma, zilijaa wapangaji. Watu walilea watoto humo, na waliwalea vizuri tu, lakini mji wenyewe haukupangwa kwa ajili yao.

Mawazo yalianza kubadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Makuli wa bandari waligoma, ule mgomo mkubwa wa mwaka 1947 ukawatikisa mabwana, na serikali ikaanza kukubali kwamba mfanyakazi anayeishi na familia yake mjini hutulia kazini. Ndipo zikajengwa kota na kupimwa viwanja Ilala, Temeke, Magomeni na Kinondoni. Mwalimu Nyerere alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili ashughulike na TANU, alikuja kuishi Magomeni na familia yake. Nyumba yake ipo mtaa wa Ifunda na leo ni makumbusho. Kwa hiyo baba wa taifa naye aliwahi kuwa baba wa nyumba huko kwetu uswahilini.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Baada ya uhuru watu walimiminika. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar ina watu kama 272,000. Ile ya 1978 ikakuta kama 843,000. Zaidi ya mara tatu ndani ya miaka 11! Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro, ilijaa nyumba zilizojengwa bila mpimaji. Mwanzoni serikali ilijaribu kubomoa vibanda na kujenga upya, lakini hesabu haikuwezekana: unabomoa kumi huku, yanaota mia kule. Kufikia miaka ya mwanzo ya 70 sera ikageuka.

Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia mwaka 1974 serikali ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, ilichukua maeneo ambayo yalikuwa bado wazi, yaani Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikapima viwanja, ikachonga barabara, ikavuta maji, ikatenga sehemu za shule, zahanati na soko. Kisha ikawaambia wananchi: jengeni wenyewe. Viwanja vingi vilikuwa vidogo tu, kama mita 12 kwa 24. La pili, iliingia Manzese, ambako watu walishajenga, ikajaribu kupenyeza barabara, maji na huduma katikati ya nyumba zilizokuwepo.

Mpango ulikuwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Tuseme ukweli, si wote waliolengwa waliofaidi. Viwanja vingi vya Sinza viliishia kwa wafanyakazi wenye mshahara wa uhakika, kwa sababu kujenga kunataka hela na mikopo ya benki ya nyumba haikumfikia kila mtu. Lakini tuangalie matokeo.

Mwaka 2021 jarida moja kubwa la uchumi la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu mradi huu katika miji saba ya Tanzania. Watafiti walitumia picha za setilaiti na takwimu za kaya, wakalinganisha maeneo yaliyopimwa yakiwa matupu na maeneo ya jirani ambayo nayo yalikuwa matupu wakati ule lakini hayakupimwa. Zaidi ya miaka 30 baadaye, yaliyopimwa kwanza yalikuwa na nyumba kubwa zaidi na zilizojipanga, na huduma za maji, umeme, vyoo na barabara zilikuwa bora. Wakaazi wake walikuwa wamesoma kidogo zaidi kuliko majirani, lakini tofauti hiyo ya elimu haikutosha kueleza pengo lote. Na maeneo kama Manzese, yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga? Hayakuonekana kuyazidi hata yale ambayo hayakupimwa kabisa.

Hapo ndipo penye fundisho. Hela ilitoka mfuko mmoja, serikali ilikuwa moja, miaka ile ile. Tofauti ni nani alitangulia, barabara au nyumba.

Najua kuna mdau ameshaanza kucheka: Sinza unayoisifia ni ipi, hii ya baa na gesti? Ni kweli, Sinza ina sifa zake. Kituo cha daladala cha Kwa Remmy kimepewa jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyeishi pale hadi alipofariki Desemba 2010, na muziki Sinza haukuanza wala kuishia kwake. Mzazi wa Sinza anajua maana ya kumlaza mtoto huku spika za jirani zikitikisa dirisha. Baadhi ya maeneo ya wazi yamemezwa, na watoto wanacheza mpira barabarani. Mpimaji wa mwaka 1974 hakuweza kupanga tabia za watu wa leo.

Lakini fikirini. Baa inaweza kufungwa kwa amri moja ya halmashauri. Spika inaweza kuzimwa. Barabara ambayo haikuachwa tangu mwanzo haipatikani tena mpaka nyumba ya mtu ivunjwe. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, gari linafika mlangoni Sinza. Kwenye vichochoro vya Manzese atabebwa hadi kwenye lami. Nyumba ikishika moto ni hivyo hivyo.

Haki ya Manzese nayo tuiseme. Ina watu wanaojuana. Mtoto akipotea pale Tip Top, kabla hujafika kituo cha polisi mama ntilie ameshakuambia amepita wapi. Na tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, mkaazi wa Manzese anaweza kufika mjini na kurudi kula na wanawe, wakati mwenye jumba lake huko pembezoni bado yuko kwenye foleni. Jirani mwema na muda wa kukaa na watoto havimo kwenye ramani ya mpimaji, ila bila hivyo nyumba ni bweni tu.

Sisi tunanunua wapi? Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, na maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Toangoma yakapimwa. Barabara zilichorwa vizuri. Lakini huduma nyingi zilichelewa, na wengi walishikilia viwanja miaka bila kujenga, kwa hiyo waliotangulia waliishi porini na watoto wao. Na ukitoka kwenye maeneo hayo yaliyopimwa, sehemu kubwa ya Dar ya leo, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, imejengwa kwa karatasi ya mauziano na sahihi ya mjumbe. Yaani tunaijenga Manzese upya, safari hii kwa vigae na geti la umeme.

Historia ya karibuni imeshatuonya. Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la jeshi Mbagala, na Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto, huku nyumba zimesogea hadi jirani na kambi. Desemba 2011 mafuriko yalizoa makazi ya bonde la Msimbazi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Katika kila tukio kulikuwa na watoto waliolala nje.

Kwa hiyo kabla hujampa dalali hela, nenda halmashauri uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Tafuta shule iko wapi, halafu nenda kwa miguu ukaone kama ipo kweli au kuna ukumbi wa harusi. Mtafute mzee aliyelima pale, akuambie maji ya masika hupita wapi. Kisha kaa dukani nusu saa ununue soda, uone watu wanasalimiana au kila mtu anaingia getini kwake na kufunga.

Kiwanja utakichagua wewe, ila atakayekulia pale hajaulizwa. Angalau tumfanyie upelelezi.

Wadau, ninyi mmekulia mitaa gani, na mngependa wanenu wakulie huko? Karibuni tujadili.