Furu wa Ghuba ya Mwanza: Kupotea Kwao na Kurudi Kwao

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za samaki mdogo, ambaye watu wengi humdharau kwa sababu ya udogo wake na wingi wa miiba yake. Samaki huyo ni furu.

Mtu akitoka Usagara akashika njia ya magharibi, hufika Kigongo, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza, penye daraja kubwa la kuvukia mpaka Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Apitapo juu ya daraja hilo huona maji tu na mitumbwi. Walakini chini ya maji hayo yametukia mambo makubwa, nayo yafaa watoto wetu wayajue kama wajuavyo habari za vita na za watemi.

Kwanza yafaa tufahamu ya kuwa furu si samaki wa aina moja. Wataalamu wamekadiria kwamba katika ziwa letu zilikuwamo aina zipatazo 500, na karibu zote hazikupatikana mahali pengine po pote duniani. Kwa mtu atazamaye kwa haraka wote ni sawa, lakini kila aina ilikuwa na riziki yake. Wako waliokula matope ya chini, wako waliovunja konokono kwa meno yaliyo kooni, wako waliokula vijidudu vieleavyo majini, tena wako waliokula watoto wa furu wenzao. Wavulana waliwavua kwa ndoana na nyungunyungu, na akina mama waliwaanika juani wawe kitoweo cha siku za mbele.

Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu mmoja Mwingereza, jina lake Michael Graham, alilipima ziwa na kuchunguza uvuvi wa ngege, maana ngege walikuwa wameanza kupungua kwa ajili ya nyavu nyingi. Katika taarifa yake alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenziwe kutoka maji mengine ni jambo la hatari kubwa, isipokuwa uchunguzi mrefu umefanywa kwanza. Onyo hilo halikufuatwa. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa ziwani, na mwaka 1962 na 1963 wengine walitiwa kwa amri upande wa Uganda na wa Kenya. Shauri la waliomleta lilikuwa hili: furu ni wengi lakini hawana bei, basi na waliwe na samaki mkubwa, kisha mtu amvue huyo mkubwa.

Kwa muda mrefu hapakuonekana badiliko katika ghuba yetu. Uchunguzi wa miaka ya 1969 mpaka 1971 ulionyesha ya kuwa, kati ya samaki waishio karibu na sakafu ya ziwa, furu walikuwa kama sehemu 80 katika kila 100 kwa uzito. Walikuwa wengi hata katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda mjini Mwanza cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Mwaka 1977 wataalamu kutoka chuo kikuu cha Leiden, nchini Uholanzi, pamoja na wenzao wa Tanzania, walianza kuwahesabu furu wa ghuba, aina kwa aina. Kazi hiyo ilionekana kuwa ya bure kwa watu wengi. Nani ahesabuye furu?

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara waliongezeka ghafula. Samaki huyo aweza kufikia urefu wa mita 2 hivi na uzito wa zaidi ya kilo 100. Ilipofika katikati ya miaka hiyo, nyavu zilizotupwa katika maji ya wazi ya ghuba hazikutoa furu ila wachache sana. Katika ziwa zima aina zipatazo 200 zilidhaniwa zimetoweka. Wale wakaao katika mawe ya pwani walisalimika zaidi, maana mawe yaliwaficha.

Si haki kumtwika sangara lawama zote. Nyavu za kukokota zilikwisha kuwapunguza furu kabla yake. Tena udongo wa mashamba na taka za miji zilichafua maji, hata hewa ikawa haba kilindini. Wala si kweli kwamba sangara alileta hasara tupu. Aliwapa watu wengi kazi na fedha, na viwanda vya Mwanza vimepeleka minofu yake mpaka Ulaya. Twasema tu kwamba faida hiyo ililipiwa, na waliolipa ni furu.

Sasa twaja kwenye habari njema. Katika miaka ya 1990 sangara walivuliwa kwa nguvu, wakapungua. Na nyavu zikaanza tena kutoa furu. Mmoja wa waliorudi ana jina la kitaalamu lenye maana ya "kichwa chekundu kama moto". Jina hilo lilitangazwa mwaka 1987, wakati samaki mwenyewe alipokuwa karibu kupotea kabisa ghubani. Alikuwa kama mtoto apewaye jina siku ya kuagwa. Walakini miaka michache baadaye alirudi, tena kwa wingi.

Lakini sikilizeni vema: aliyerudi si yule aliyeondoka. Walipompima wataalamu waliona kwamba mashavu yake ya kuvutia pumzi yamekuwa makubwa zaidi, apate kuishi katika maji yenye hewa haba, na kichwa chake kimebadilika umbo. Zamani alikula vijidudu vieleavyo; sasa hula pia vyakula vikubwa zaidi, kama uduvi na watoto wa wadudu. Tena waliorudi kwa wingi ni aina chache. Nyingi nyingine hazijaonekana tena. Ndoo iliyojaa furu leo yaweza kuwa nzito kama ile ya zamani, lakini haina watu wa kabila nyingi kama zamani.

Basi twajuaje haya? Twajua kwa sababu walikuwapo watu waliohesabu kabla ya msiba. Kama wasingehesabu, leo tungesema, "Furu wamerudi," tukaridhika, wala tusingejua ni nani aliyekosekana.

Kwa hiyo twawasihi wavuvi waache kokoro na nyavu za macho madogo zilizokatazwa na sheria, maana hukusanya mzazi na mtoto pamoja. Twawasihi wakulima wa kando ya ziwa wazuie udongo usishuke majini. Nanyi wanafunzi, mwonapo furu katika kapu la mama, msipite tu. Watazameni rangi zao, mwulizeni mzee anawaitaje, mkaandike daftarini. Kitu kilichopotea bila jina hakina wa kukitafuta.

Kwaherini.