Ushahidi: ramani iliyojengwa na mikono mingi, kutoka Kenya hadi Kivu

Wakaaji wa Goma wanaukumbuka mwisho wa mwezi wa kumi mwaka 2008. Waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda waliuteka mji wa Rutshuru, jeshi la serikali likarudi nyuma, na barabara ya Kibati ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wapatao 250,000 waliohama makwao tangu mwezi wa nane wa mwaka huo. Siku chache baadaye, tarehe 4 na 5 mwezi wa kumi na moja, raia waliuawa Kiwanja. Kila familia ilikuwa na swali lile lile: vita vimefika wapi, na barabara gani ingali salama?

Mwezi huo wa kumi na moja, programu ya kompyuta yenye jina la Kiswahili, Ushahidi, ilianza kutumiwa kuweka habari za machafuko ya mashariki ya Kongo juu ya ramani. Haikutoka kwa kampuni kubwa. Ilitoka kwa watu wachache ambao kila mmoja alikuwa na ujuzi wake.

Mambo yalianzia Kenya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2007, matokeo yalipingwa na watu wakaanza kuuana. Serikali ilikataza matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Tarehe 3 mwezi wa kwanza mwaka 2008, mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari kwenye intaneti, alitoa wito: je, hakuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuonyesha kwenye ramani mahali ambapo watu wanaumizwa?

Waliitikia. David Kobia, fundi wa programu aliyeishi Alabama, Marekani, aliandika msimbo. Erik Hersman, aliyekulia Sudan na Kenya, na Juliana Rotich waliunganisha kazi na watu. Okolloh alijua habari gani ina uzito na kwa nini ni lazima ihakikishwe. Kwa siku chache tu ramani ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mwananchi aliandika mahali, saa na jambo aliloliona. Habari ikalinganishwa na nyingine, kisha alama ikawekwa.

Namna hiyo ya kufanya kazi haikuwa mpya. Mwezi wa pili mwaka 2001, waandishi wa programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wamechoka na kazi zinazopangwa miaka mingi kwenye karatasi, halafu zinamfikia mtumiaji akiwa hazihitaji tena. Wakakubaliana juu ya njia nyingine: tengeneza sehemu ndogo inayofanya kazi, mpe mtumiaji, msikilize, rekebisha, rudia. Kwa hiyo fundi wa msimbo, mchoraji wa kurasa, mjaribuji na mtu anayejua shida ya watumiaji wanakaa pamoja tangu mwanzo. Hakuna anayemaliza kazi yake na kumtupia mwenzake.

Ushahidi ilikua hivyo hivyo. Ramani ya kwanza ilikuwa ya haraka na yenye kasoro. Ilirekebishwa, ikatumiwa Afrika Kusini mwezi wa tano 2008 wakati wageni waliposhambuliwa, ikajengwa upya, ndipo ikafika Kivu. Msimbo wake uliachwa wazi ili kila kikundi kiuchukue bila kulipa.

Lakini vita vya Kivu vilikuwa mtihani mgumu. Familia iliyokimbia usiku ilihitaji simu yenye moto, pesa ya simu na mtandao ndipo itume habari. Aliyetuma alipaswa kulindwa, maana jina moja likionekana ovyo linaweza kumletea mtu kifo. Na habari isiyohakikishwa ingeweza kuwapeleka watu kwenye hatari ileile wanayoikimbia. Mambo hayo hayatatuliwi na fundi wa msimbo peke yake. Yanataka anayejua vijiji, anayesikia Kinyarwanda, Kinande na Kiswahili, na anayeaminiwa na watu wa kambi.

Haiti ilionyesha jambo hilo waziwazi. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka 2010, Patrick Meier na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, walifungua ramani ya Ushahidi. Watu wa Haiti walituma ujumbe bila malipo kwa namba 4636, wengi kwa Kikrioli. Wahaiti walioishi ng'ambo walitafsiri, wengine wakatafuta mtaa kwenye ramani, na waokoaji wakapewa mahali pa kwenda. Programu ilikuwa ileile, ila safari hii kila kazi ilikuwa na mwenyewe.

Ni kama salongo: mwenye jembe, mwenye kitoroli na mwenye kujua maji yanapitia wapi wote wanahitajika, na mvua ikinyesha wanaangalia mtaro na kuurekebisha tena. Ramani ya usalama nayo haianzi kwenye kompyuta. Inaanza na mama wa Kibati aliyeona, na mtu wa kwanza aliyechukua muda wa kumsikiliza.