Kabla ya Kuchajiwa, Betri Zilianikwa

Kwa miaka mingi betri ndogo haikuchajiwa kijijini Busale, Kyela, ilianikwa. Redio ikianza kukwaruza katikati ya taarifa ya habari, betri zilitolewa, zikapangwa juani na kugeuzwageuzwa kama usipa. Jioni zikarudi kazini. Wengine walizing'ata kwanza.

Jua halikuingiza umeme wowote. Betri kavu, mjukuu wa ile aliyoiunda Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866, huzalisha umeme kwa zinki na manganizi. Ikipata joto, kemikali iliyobaki huchangamka, na kule kupumzika nako husaidia. Wazee walikuwa wanaikamua tu, na waliikamua hasa. Hata ilipokufa kabisa, unga wake mweusi ulisagwa pamoja na mkaa kupaka ubao wa shule. Nyingi zilikuwa za National, kutoka kiwanda ambacho Matsushita ya Japani ilikijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1960, enzi ambazo redio ilikuwa ni RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam.

Kuchaji kwenyewe kulianza na betri kubwa. Ile ya gari, ya risasi na tindikali, ni kongwe kuliko betri kavu: Gaston Planté aliibuni mwaka 1859. Vijijini ilifungwa kwenye keria ya baiskeli na kupelekwa penye jenereta, ikaachwa huko, kesho yake ikafuatwa. Ndiyo iliyoendesha redio kaseti za harusini na, baada ya vituo binafsi vya televisheni kuanza Bara mwaka 1994, runinga za kwanza ambazo mtaa mzima ulizijazia sebule. Kisha zikaja simu, sola na vibanda vya kuchajia.

Betri ndogo ya kuchajiwa nayo si ngeni duniani. Msweden Waldemar Jungner aliunda ya nikeli na kadimi mwaka 1899. Lakini mtoto wa Kyela wa miaka ya 1980 hakuwa na habari nayo. Gari lake lilikuwa la waya, na aliyebahatika kupata mota ya redio kaseti iliyokufa alilifunga betri kavu mbili likatembea. Rimoti yake ilikuwa kamba.

Gari la rimoti la dukani lilikuja na kifurushi cha betri za nikeli, kila moja volti 1.2, nne zikiungwa zinatoa 4.8. Chaja yake ya bei nafuu kwa kawaida haijui kama betri imejaa. Inasukuma tu, na anayepaswa kuichomoa ni mtu mwenye saa. Betri ya miliampia-saa 700 kwenye chaja ya miliampia 250 huhitaji kama saa nne, ukihesabu umeme unaopotea kwa joto. Hesabu hiyo ni rahisi penye umeme usiokatika. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 na nguzo zimefika mbali, lakini umeme ukizimika mara mbili usiku, nani anakumbuka betri ilikula saa ngapi? Njia nzuri ni kuishika: ikiwa vuguvugu ni sawa, ikichoma imepita kiasi.

Magari ya rimoti ya siku hizi hutumia zaidi lithiamu-ioni, betri ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991. Hii haitaki kubahatisha. Moja hujaa kwenye volti 4.2, na ukiilazimisha kwa chaja ya kifurushi cha nikeli inaweza kuvimba au kuwaka. Ila chaja ya kobe, ile ya kubania betri za simu, imeundwa kuishia hapo hapo kwenye 4.2. Kwa betri nne za nikeli kobe haifui dafu, volti zake hazitoshi kuzijaza.

Mafundi simu wameligeuza tatizo hilo kuwa kazi. Kifurushi cha nikeli kikifa, wanakitoa na kuunga betri ya simu ya kitochi yenye volti 3.7. Gari linapungua mbio, lakini sasa linachajiwa kwa kobe.