Ujira wa Vyombo na Bei ya Mafuta: Jinsi Tulivyofikia Mapatano

Katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama chetu Kikuu, kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, tumeona yafaa kuweka katika maandishi habari ya jambo moja ambalo nusura litutenganishe. Jambo hilo ni ujira wa vyombo vichukuavyo dagaa na abiria kutoka visiwani mpaka Mwanza, na namna ulivyopatanwa upya wakati bei ya mafuta ilipopanda mwaka 2022. Wenye vyombo, mabaharia, na mama zetu waanikao dagaa, wote ni wanachama wa vyama vyetu vya msingi. Kwa hiyo ugomvi ule ulikuwa ugomvi wa watu wa nyumba moja, na yawapasa watakaotufuata kujua ulivyoanza na ulivyokwisha.

Hapo kale chombo cha Ziwa Viktoria kiliendeshwa kwa kafi na tanga. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hurudi kutoka ziwani kuja nchi kavu. Wazee wetu walizifuata nyakati hizo mbili pasipo kulipa senti. Gharama ya safari ilikuwa jasho la watu, chakula chao, na uchakavu wa mbao na matanga. Mambo yalibadilika kwa ajili ya sangara. Samaki huyu alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaenea sana katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Samaki wa kiwandani hawezi kungoja upepo. Basi injini za kupachika zikazidi kuenea mialoni. Tangu hapo mafuta yamekuwa mshirika katika kila safari. Mshirika huyu hulipwa kwanza, kabla ya tajiri mwenye chombo na kabla ya baharia, wala hashiriki hasara siku nyavu zirudipo tupu.

Bei ya mafuta haipangwi mwaloni kwetu. Vita vilipozuka Mashariki ya Kati mwezi wa Oktoba 1973, bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne kufikia Januari 1974. Na baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 ikapanda tena. Mwaka 2011 Serikali yetu iliongeza ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia ilikuwa njema, lakini mvuvi wa dagaa, asiyechakachua chochote, alilazimika kuwasha karabai zake kwa gharama kubwa zaidi. Baadaye taa za umeme wa jua zikaja kumpunguzia mzigo huo. Injini, hata hivyo, iliendelea kunywa petroli.

Sasa tufike kwenye miaka yetu wenyewe. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga safari na viwanda duniani, bei ya mafuta ilishuka. Hapa hatuna budi kukiri kosa letu: ujira wa vyombo haukushuka pamoja nayo. Wenye vyombo walinyamaza, na Halmashauri yetu nayo ikanyamaza. Kisha mwezi wa Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na bei ikapaa. Kufikia Mei mwaka huo lita moja ya petroli ilikuwa imevuka shilingi 3,000 mjini Dar es Salaam. Mwanza ilikuwa ghali zaidi kwa sababu ya umbali wa kuisafirisha. Na kisiwani, mahali ambapo mafuta huuzwa tena kwa madumu na chupa, ilizidi hata hapo. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi wa Juni, na makali yakapungua kidogo, lakini ujira wa zamani haukuweza tena kumrudishia mwenye chombo fedha yake.

Wenye vyombo wakauleta mkutanoni ombi la kuongeza ujira wa kila gunia kwa nusu nzima. Wafanyaji wa biashara ya dagaa wakakataa kuongeza hata kidogo. Katika kelele zile alisimama mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akauliza kwa upole kwa nini hawakuitwa mkutanoni mwaka ule mafuta yaliposhuka. Hapana aliyemjibu. Twaamini kuwa ukimya ule ndio uliofungua mlango wa mapatano, maana kila mtu alitambua kwamba tatizo letu la kwanza lilikuwa kutoaminiana, na ughali wa mafuta ulilifuata nyuma.

Wazee waliokuwapo walitukumbusha historia ya wakulima wa pamba wa kanda hii hii ya ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 malalamiko yao makubwa yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi. Wakulima wakaanza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kuaminika wa kusimama karibu na mizani na kuhakikisha uzito. Kutokana na juhudi za namna hiyo vyama vikakua, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Viktoria, ambao Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini fundisho lile halikuvunjika: kabla ya kubishana juu ya bei, sharti pande zote mbili zikiamini kipimo.

Nasi tukafanya vivyo hivyo. Tuliteua watu watatu, mmoja kutoka kwa wenye vyombo, mmoja kutoka kwa mabaharia, na mmoja kutoka kwa mama zetu wa dagaa. Wakasafiri katika vyombo mbalimbali, wakapima mafuta kabla ya kung'oa nanga na baada ya kufika, wakaandika yote katika daftari. Kabla ya hapo kila nahodha alitaja idadi yake ya lita, na hapana aliyeweza kumbishia.

Faida ya kipimo hicho yaonekana katika hesabu nyepesi. Tuseme safari moja yatumia lita 40, na bei ya lita imepanda kwa shilingi 500. Gharama ya safari imeongezeka shilingi 20,000. Chombo kikichukua magunia 100, nyongeza ya haki ni shilingi 200 kwa gunia. Hesabu hii iliwahukumu wote wawili: aliyetaka nusu nzima alidai kupita kiasi, na aliyekataa kila nyongeza alitaka mwenzake ampe shilingi 20,000 bure kwa kila safari.

Lakini hesabu hiyo hiyo ilitufunulia hatari. Chombo kile kikichukua magunia 50 tu, nyongeza huwa shilingi 400 kwa gunia. Kikipakizwa magunia 160, hushuka mpaka shilingi 125. Basi mahali ambapo ujira umebanwa mno, nahodha hushawishika kuufidia kwa shehena. Watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Twaikumbuka MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi chake, na mamia ya ndugu zetu walipotea. Kwa hiyo tulikata shauri kwamba kiasi cha shehena na idadi ya abiria si mambo ya kupatana bei.

Mapatano yenyewe yalikuwa haya. Kwanza, ujira uligawanywa mafungu mawili: fungu la mafuta, na fungu la chombo na watu wake. Fungu la pili hubadilishwa na mkutano mkuu peke yake. Fungu la kwanza hufuata bei kikomo itangazwayo na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, pamoja na gharama ya kuyafikisha mafuta kisiwani. Hupanda bei ikipanda, na hushuka bei ikishuka. Pili, mabadiliko madogo hayahesabiwi, ili watu wasisumbuliwe kila mwezi kwa senti chache. Tatu, lita zihesabiwazo ni zile za injini nzima. Injini iliyochakaa ikinywa zaidi, hasara ni ya mwenye injini. Nne, fungu la baharia haliguswi kwa kisingizio cha mafuta. Tano, hesabu hubandikwa mwaloni mahali pa wazi, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Hatusemi kwamba mambo yote yamekuwa sawa. Gharama ya kuyafikisha mafuta kisiwani ingali inabishaniwa, kwa kuwa wauzaji wa madumu ni wachache na kila mmoja ana bei yake. Chama chetu hakijaweza kuwa na ghala lake la mafuta lenye kibali na usalama upasao, na hiyo ndiyo kazi tuiachiayo Halmashauri ijayo. Hata hivyo jambo moja lafaa kuandikwa kwa furaha. Bei ilipopungua baada ya kilele chake, hesabu mpya ilibandikwa, na fungu la mafuta likapunguzwa pasipo mtu kuomba. Siku ile mama zetu walikuja kusoma karatasi ile mmoja mmoja, wakarudi kwenye vichanja vyao kugeuza dagaa. Huo ndio ushirika tunaouadhimisha leo, na twawaomba wenzetu watakaosoma kijitabu hiki miaka kumi ijayo waulinde, hasa katika miaka ya bei kushuka, maana ndiyo miaka tuliyokosea sisi.