Pointi 79 kwa 79: Msimu wa Korea kwa Kanuni za Wengine

Siku ya mwisho ya ligi kuu ya Korea Kusini, Desemba 1, 2019, Ulsan Hyundai walikuwa nyumbani wakiongoza kwa pointi 79, tatu mbele ya Jeonbuk Hyundai Motors. Sare ingewatosha. Wageni wao, Pohang Steelers, ni watani wa pwani ya mashariki, na tarehe hiyohiyo mwaka 2013 ndio waliowapokonya Ulsan ubingwa kwa bao la dakika za nyongeza. Safari hii wakawachapa 4-1. Bao la tatu hata kulisimulia ni aibu: kipa wa Ulsan, Kim Seung-gyu, alitoka langoni akarushe mpira uliotoka nje, akamrushia mshambuliaji wa Pohang. Jeonbuk nao wakaifunga Gangwon 1-0, pointi zikawa 79 kwa 79, na kombe likaenda Jeonbuk kwa mabao 72 dhidi ya 71.

Bao moja tu! Ni rahisi kudai kwamba Ulsan walidhulumiwa na kanuni. Tangu 2016 Wakorea hutazama kwanza mabao ya kufunga, ndipo tofauti ya mabao, ili timu zishawishike kushambulia. Uingereza mpangilio ni kinyume: mwaka 1989 Arsenal na Liverpool walilingana pointi na tofauti, ndipo mabao ya kufunga yakampa Arsenal ubingwa. Ila hata kwa kanuni ya Waingereza, Jeonbuk walikuwa na +40, Ulsan +32. Wahispania wangepekua mechi baina ya timu hizo mbili: sare mbili, kila mmoja kashinda moja, lakini Ulsan walishinda 2-1 na Jeonbuk 3-0. Jeonbuk tena. Rudi enzi za pointi mbili kwa ushindi, bado ni Jeonbuk, 57 kwa 56. Italia ya leo ingewarudisha uwanjani kwa mechi ya ziada. Katika orodha hii, Brazil peke yake, inayotanguliza idadi ya ushindi, ndiyo ingewavika Ulsan taji: walishinda mara 23, wenzao 22.

Kinachonivutia zaidi ni hiki: Ulsan wangefungwa 4-3 siku ile, wangekuwa mabingwa kwa mabao 73. Wangefungwa 1-0, wangelikosa kombe. Kanuni inayoheshimu kipigo cha 4-3 kuliko kile cha 1-0 ina wazimu wake, nami naupenda, ingawa najua mabeki wa Jeonbuk, walioruhusu mabao 32 tu huku Ulsan wakiruhusu 39, hawakuhesabiwa popote.

Muundo wenyewe wa msimu si mgeni kwa Waskoti, wanaoutumia tangu 2000/01: timu 12 hucheza mechi 33, zinagawanywa sita juu na sita chini, kisha kila moja inacheza tano zaidi. Mechi hizo tano Korea huzipanga baada ya mgawanyo. Kwa hiyo msimu ulipoanza hakuna aliyejua kwamba Ulsan wangefunga hesabu na Pohang.

Ulsan walimaliza wa pili tena 2020 na 2021. Mwaka 2022 wakatwaa ubingwa kwa pointi 76, pungufu ya zile za 2019, lakini tatu zaidi ya Jeonbuk, na hakuna aliyelazimika kuhesabu mabao.