Bonde la Ziwa Victoria: robo karne ya kupima maji

Ofisi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Tanzania, ilianzishwa mwaka 2000, ikitanguliwa na ofisi za mabonde ya Pangani (1991) na Rufiji (1993). Iliongozwa na sheria ya maji ya 1974 iliyorekebishwa 1981, sheria iliyojali zaidi nani achote maji na kiasi gani. Usalama wa maji yenyewe ulifuata kwa kuchechemea.

Migato, wilayani Itilima, swali la usalama lilikuwepo kabla ya ofisi. Mito ya ukanda huu hufurika tope wakati wa mvua, na kiangazi hubaki mchanga mtupu. Watu hutegemea visima na malambo. Miaka ya 1970, Itilima ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Bariadi, mkoani Shinyanga, Waholanzi waliandaa mpango wa maji wa mkoa na kuchimba visima vifupi vya pampu za mkono. Lakini Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya ardhini yana floraidi nyingi, ile inayoyatia meno rangi ya kahawia na, ikizidi, kupinda mifupa.

Serikali ikaweka kiwango cha muda cha floraidi kwa vijijini: miligramu 8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani leo linashauri 1.5. Ni rahisi kuwacheka wazee walioweka kiwango kile. Mimi siwacheki: ukifunga kisima chenye 6 na kumwachia mama lambo wanalonywea ng'ombe, umemwepusha mtoto na meno ya kahawia ukampa kuhara. Baadaye kiwango kilishuka hadi 4, kisha 1.5, na visima vilivyokuwa halali vikawa na kasoro bila maji yake kubadilika.

Mto Simiyu nao ulichunguzwa chini ya mradi wa mazingira ya ziwa ulioanza 1997, kwa sababu ya udongo, mbolea na viuatilifu vya pamba. Sheria ya maji Na. 11 ya 2009 ndiyo iliyoipa Bodi ya Maji ya Bonde meno: vibali vya kuchimba visima na vya kutiririsha majitaka, pamoja na jumuiya za watumia maji.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, Itilima ikiwemo. Yatavutwa kutoka Busega, kwenye Ghuba ya Speke, ghuba ileile ambamo mto Simiyu humwaga tope lake.